Oili ya Injini: Je, Tuhamie Sintetiki?

Hivi karibuni tulifika Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma. Wengi wenu mnapajua Zuzu kwa ajili ya kile kituo kikubwa cha kupozea umeme. Sisi tulikwenda kukagua vitabu vya hesabu vya kikundi kimoja cha watu waliomaliza kisomo. Tulipofika hatukuonyeshwa vitabu. Tulichukuliwa moja kwa moja hadi chini ya mti, kwenye gari la kikundi.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya petroli. Lilitengenezwa mwaka 1998. Kikundi kililinunua likiwa limetumika, kwa fedha za alizeti na michango ya kila wiki. Kazi yake ni kubeba abiria na mizigo kati ya Zuzu na soko la Majengo mjini. Siku hiyo lilikuwa limesimama. Ukiwasha injini, inagonga kama mtu anayetwanga ndani ya kinu kitupu. Mafundi wanasema injini ya namna hiyo imeanza kunoki.

Tulisalimiana, tukakaa. Mzee mmoja akaanza.

"Mwalimu, oili imetuulia gari."

"Oili gani, mzee?"

"Hii ya kisasa. Sintetiki. Tulikuwa na oili yetu ya kawaida, hatukuwa na shida. Huyu kijana akaibadili. Angalia sasa."

Dereva alikuwa amekaa pembeni juu ya tairi. Alisema, "Mzee wangu, niliambiwa dukani kwamba hii ndiyo bora kuliko zote. Nikaambiwa ukishaiweka unasahau mambo ya oili mwaka mzima."

"Na wewe, mwanangu, ukasahau kweli," alisema mama mtunza hazina. Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza.

Mama huyo akaenda kwenye gari. Akarudi na galoni tupu ya ile oili. Dereva alikuwa akiitumia kubebea maji ya rejeta. Karatasi yake ilikuwa bado imebandikwa. Mama akavaa miwani, akatusomea kwa sauti, herufi kwa herufi: "5W-30. API SP." Halafu akatutazama.

"Mwalimu, haya yote nayasoma. Herufi nazijua. Namba nazijua. Lakini sielewi yanasema nini."

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili. Kuna magari, pikipiki na mashine za kusaga katika vijiji vyetu vingi. Kila moja inakunywa oili. Na kila galoni ya oili ina maandishi ambayo mwenye mali anayapita bila kuyaelewa, akimwachia muuzaji amchagulie.

OILI INAFANYA KAZI GANI?

Sugua viganja vyako viwili kwa nguvu. Vinapata moto. Sasa paka mafuta, usugue tena. Vinateleza. Ndani ya injini kuna vyuma vingi vinavyosuguana namna hiyo, mara elfu kadhaa kila dakika. Pistoni inapanda na kushuka, krenki inazunguka. Oili inaingia katikati ya chuma na chuma kama utando mwembamba, ili visigusane.

Lakini kazi si hiyo moja. Oili inabeba joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Inaosha masizi na kuyashikilia yasigande kwenye vyuma. Inazuia kutu. Ndiyo maana oili inakuwa nyeusi baada ya muda. Wengine wakiiona nyeusi wanadhani imeharibika siku hiyo hiyo. Hapana. Weusi peke yake hauna maana hiyo. Oili inayobeba uchafu inafanya kazi yake. Mambo yanaharibika pale inapokuwa imebeba uchafu mpaka haiwezi kubeba zaidi, au inapopungua.

Hata zile transfoma kubwa za Zuzu zina mafuta ndani yake, nayo yapo kwa ajili ya kupoza na kuzuia umeme usiruke. Mafuta hayo si ya injini. Tunasema hivyo kwa sababu wapo watu wanaoyaiba na kuyauza kama mafuta ya magari, na wapo wanaoyanunua.

SINTETIKI NI KITU GANI?

Oili ya kawaida inatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Kiwandani yanachemshwa na kutenganishwa, kisha yanasafishwa. Tufananishe na mtama. Umepura, umepepeta. Pumba zimeondoka. Lakini ukitazama ungo wako, punje hazilingani. Nyingine kubwa, nyingine ndogo, na vijiwe viwili vitatu vimebaki. Mtama huo unafaa kabisa kwa ugali.

Oili ya sintetiki ni kama mbegu iliyochaguliwa punje moja moja, zote zikalingana. Wataalamu wanachukua malighafi, mara nyingi gesi, wanaivunja vipande vidogo sana, halafu wanaviunga upya kwa umbo wanalolitaka. Huko Qatar, kwa mfano, kiwanda kinachoitwa Pearl kilianza mwaka 2011 kutengeneza mafuta ya namna hii kutokana na gesi ya asilia. Hapa kwetu pia tunayo gesi. Ile ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004. Lakini kuigeuza gesi kuwa oili ni kazi nyingine, tena ya gharama kubwa.

Kwa kuwa punje zake zinalingana, sintetiki ina sifa tatu. Haigandi upesi kwenye baridi kali. Haivunjiki upesi kwenye joto kali. Na inachakaa polepole. Ndege za jeti zimekuwa zikitumia oili za sintetiki kwa miaka mingi, maana oili ya kawaida isingestahimili joto la injini zile. Kwa upande wa magari, mwaka 1972 kampuni ya AMSOIL ya Marekani ilitoa oili ya sintetiki iliyopita vipimo vya API. API ni chama cha wenye viwanda vya mafuta huko Marekani, nacho ndicho kinachoweka madaraja ya oili.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Neno sintetiki kwenye galoni halina maana moja duniani kote. Zamani lilikuwa la oili iliyoundwa upya tu. Halafu kampuni nyingine zikapata njia ya kuchukua mafuta ghafi na kuyasafisha kwa nguvu sana, mpaka yakakaribia kulingana na yale ya kuundwa. Nazo zikaandika sintetiki. Kampuni ya Mobil ikailalamikia kampuni ya Castrol kwa jambo hilo. Mwaka 1999 chombo kinachoamua kesi za matangazo huko Marekani kikasema Castrol inaweza kuendelea kulitumia neno hilo. Tangu hapo galoni mbili zinaweza kuandikwa sintetiki, bei zikatofautiana, na kilichomo ndani kisiwe kitu kimoja. Hatusemi hiyo ya pili ni mbaya. Tunasema neno hilo peke yake lisikufanye utoe pesa mfukoni. Tazama namba.

KUSOMA NAMBA

Tuchukue galoni ya Zuzu: 5W-30.

Fikiria asali. Asubuhi ya mwezi wa Julai asali ni nzito, inatoka kwenye chupa kwa kusitasita. Ukiiweka juani inakuwa nyepesi kama maji. Oili nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana ina namba mbili. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza uzito wake wakati wa baridi. W imetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba ikiwa ndogo, oili inakwenda upesi injini ikiwa baridi. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, joto la maji yanayochemka. Namba ikiwa kubwa, oili inabaki nzito zaidi katika moto.

Kwa hiyo 5W-30 ni nyepesi kuliko 15W-40, kwenye baridi na kwenye joto pia. Na 20W-50 ni nzito kuliko zote hizo.

Je, nyepesi ni bora au nzito ni bora? Swali hilo halina jibu mpaka ujue injini. Injini mpya nyingi zina nafasi ndogo sana kati ya chuma na chuma, zinataka oili nyepesi. Injini iliyotembea sana imelika. Nafasi zake zimepanuka. Ukiipa oili nyepesi mno inapita na kuvuja, na inaungua pamoja na petroli. Anayejua ni mtengenezaji wa gari, naye ameandika kwenye kitabu cha gari. Kitabu cha gari la Zuzu kilikuwepo, ndani ya droo ya mbele, hakijafunguliwa hata siku moja kwa kuwa kimeandikwa Kijapani. Tulikifungua pamoja. Maneno hatukuyaelewa hata sisi. Lakini namba za oili zilikuwa pale, kwa tarakimu zile zile tunazozijua: kwa nchi ya baridi namba hizi, kwa nchi ya joto namba hizi. Mama mtunza hazina alizipata kabla yetu.

Sasa ile API SP. Herufi S ni ya injini za petroli. Herufi C ni ya injini za dizeli. Herufi ya pili inaonyesha daraja, na inafuata alfabeti. Iliyo mbele zaidi katika alfabeti ni mpya zaidi. SF ilikuwa ya magari ya petroli ya mwaka 1988 kurudi nyuma. SN ilikuja mwaka 2010. SP ilikuja mwaka 2020. Daraja jipya la petroli linaweza kutumika kwenye gari la zamani, lakini daraja la zamani lisitiwe kwenye gari jipya. Ukikuta galoni imeandikwa SA au SB, hata ikiwa na picha ya gari zuri la mwaka huu, irudishe rafuni. SA haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Hapo babu zetu walikuwa bado wanakwenda na punda.

Basi ile galoni ya Zuzu ilikuwa mbaya? Hapana. Daraja lake lilikuwa la juu. Tatizo la kwanza lilikuwa uzito wake. Kwa injini ile iliyochoka, katika joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, ilikuwa nyepesi.

LAKINI NI NINI HASA KILICHOUA INJINI?

Siku ya pili fundi alikuja kutoka mjini. Alilala chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili. Injini ile inabeba lita 4 hivi. Iliyotoka haikujaza hata lita moja. Ilikuwa nzito na nyeusi kama lami. Fundi akafungua kikasha cha filta ya hewa. Filta ilikuwa imejaa vumbi jekundu la barabara, utadhani mfuko wa pumba.

Tukamwuliza dereva, mara ya mwisho kijiti cha kupimia oili kilitolewa lini? Akafikiri. Akasema hakumbuki. Hakuwa anadanganya. Gari lilikuwa linatembea kama kilometa 300 kwa wiki, na oili ilikuwa na wiki 40. Pigeni hesabu: 300 mara 40 ni kilometa 12,000. Katika muda huo wote hakuna aliyepima, hakuna aliyeongeza. Sili za injini ile zilikuwa zimekauka kwa uzee. Oili ilidondoka tone moja moja kila usiku, na mchanga ukaificha.

Mzee aliuliza swali zuri. "Mbona kabla ya hapo haikuwa inavuja?"

Ni kweli, jambo hili hutokea. Injini ya zamani ina masizi yaliyogandamana kwenye nyufa za sili, yakaziba kama udongo unavyoziba ufa wa tembe. Oili mpya yenye sabuni kali inayaosha. Udongo ukitoka, ufa unaonekana. Oili haikutoboa ukuta. Lakini mtu anayehamia sintetiki kwenye gari la zamani lazima alitegemee jambo hilo, na apime oili mara nyingi zaidi kuliko mwanzo. Dereva yule aliambiwa kinyume chake.

Na vumbi je? Vumbi letu ni mchanga uliosagika. Likipita kwenye filta mbovu linaingia kwenye injini na kula ringi na pistoni kama msasa. Hakuna oili, ya bei yoyote ile, inayogeuza mchanga usiwe mchanga. Sisi tunaona filta ya hewa ya gari la Zuzu imefanya uharibifu mkubwa, ingawa hakuna mtu aliyeilaumu.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo si la ufundi. Dereva alikuwa anapeleka hesabu kwa kikundi kila jioni. Siku gari likilala gereji, yeye hana kitu. Na oili inunuliwe na nani? Kikundi kilisema ni dereva. Dereva alisema ni kikundi. Ile galoni ya sintetiki aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, akitumaini kupata mwaka mzima bila kusumbuliwa. Tulipolisikia hilo, watu wachache walitazama chini. Fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya mbegu za alizeti za msimu huu ndizo zilizokwenda kununua beringi za krenki.

TUPIGE HESABU

Muuzaji hakudanganya kila kitu. Oili nyingi za kawaida hubadilishwa kila kilometa 5,000. Watengenezaji wengi wa magari wanaruhusu sintetiki ifike kilometa 10,000. Lakini soma mstari unaofuata katika vitabu vyao. Wanasema: gari likifanya kazi ngumu, badilisha mapema zaidi, mara nyingi kwenye nusu ya kilometa hizo. Kazi ngumu ni ipi? Barabara ya vumbi. Mizigo mizito. Safari fupi fupi. Kusimama muda mrefu injini ikiwaka. Ndugu wasomaji, hayo si ndiyo maisha ya kila siku ya gari la kijijini?

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Wewe weka bei za duka lako.

Oili ya kawaida Sh. 12,000/= kwa lita. Lita 4 ni Sh. 48,000/=. Filta ya oili Sh. 8,000/=. Jumla Sh. 56,000/=.

Sintetiki Sh. 30,000/= kwa lita. Lita 4 ni Sh. 120,000/=. Filta ile ile Sh. 8,000/=. Jumla Sh. 128,000/=.

Gari linatembea kilometa 10,000. Ukitumia oili ya kawaida utaibadilisha mara 2, utalipa Sh. 112,000/=. Sintetiki ikivumilia kilometa zote 10,000, utalipa mara moja, Sh. 128,000/=. Tofauti ni Sh. 16,000/= tu. Hapo mtu anaweza kusema, naam, nachukua sintetiki, nipumzike.

Lakini kama vumbi linakulazimisha ubadilishe sintetiki kila kilometa 5,000, utalipa mara 2. Ni Sh. 256,000/=. Sasa tofauti ni Sh. 144,000/=, na umepata nini? Sifa ya kutoganda kwenye baridi kali haitusaidii sana. Huko Kanada na Urusi joto linashuka chini ya sifuri kwa nyuzi 30. Hapa Dodoma baridi ya Julai tunailalamikia, lakini maji mtungini hayagandi.

Yako magari ambayo tungeyashauri yahamie. Gari jipya ambalo kitabu chake kinataka 0W-20 au 5W-30 halina hiari. Lipewe inachotaka. Gari lenye turbo linafaidika, kwa sababu turbo inazunguka kwa kasi kubwa sana katika moto mkali, na oili ya kawaida inaungulia mle. Gari linalopanda milima na mzigo, kwa mfano linalokwenda Iringa kwa kupitia Mtera na mlima Nyang'oro, nalo linaweza kufaidika. Lakini Noah ya mwaka 1998, iliyochoka, inayokwenda Majengo na kurudi? Sisi tulisema hapana. Tulisema 15W-40 ya kawaida, ya daraja zuri, ibadilishwe kwa wakati.

Mzee akauliza kama inawezekana kurudi nyuma. Alisikia kwamba gari likishazoea sintetiki ukilirudisha linakufa. Si kweli. Injini haizoei oili kama mtu anavyozoea tumbaku. Unaweza kuhamia na unaweza kurudi. Hata ukiwa njiani oili imepungua, na dukani ipo ya aina nyingine tu ya injini, ongeza hiyo ufike nyumbani. Kuchanganya kunapunguza ubora, lakini kukimbiza injini kavu kunaiua.

KAMA UMEAMUA KUHAMIA

Kwanza fungua kifuniko cha kujazia oili, utazame chini yake. Ukiona tope jeusi zito kama ugali wa mtama ulioungua, usiwe na haraka. Tumia oili ya kawaida mara mbili au tatu na uibadilishe mapema, ili uchafu utoke kidogo kidogo. Wako mafundi wanaomwaga mafuta ya taa au dizeli ndani ya injini kuiosha. Sisi hatuipendi kazi hiyo. Tope likitoka kwa mkupuo linaweza kuziba njia za oili, na mafuta ya taa yanaosha hata ule utando unaolinda vyuma.

Siku ya kubadili, simamisha gari mahali pa tambarare. Washa injini ipate uvuguvugu, uzime. Oili vuguvugu inatoka na uchafu wake. Mwaga kwenye beseni, siyo ardhini. Ondoa filta ya zamani, na uhakikishe mpira wake umetoka nayo, maana ukibaki pale mpya haitakaza na oili yote itamwagika njiani. Paka mpira wa filta mpya oili safi kidogo, funga kwa mkono. Rudisha nati. Jaza oili, lakini usimimine yote kwa kuamini galoni. Acha kidogo. Washa dakika chache, tazama chini kama kuna mvujo, zima, subiri ishuke, kisha pima kwa kijiti. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu krenki itaipiga mpaka itoe povu, na povu halilainishi kitu.

Halafu pima kila wiki. Gari la zamani lipime kila siku mbili. Ni kazi ya dakika moja na kitambaa.

Wenye pikipiki, msikilize kidogo. Pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Oili nyepesi ya gari, hasa ile iliyoandikwa kuwa inapunguza matumizi ya mafuta, inaweza kufanya klachi iteleze. Tafuta maandishi JASO MA kwenye kopo. Wenye mashine za kusaga za dizeli, tafuteni herufi C.

Galoni tupu msiiuze nzima kwa wanaopita wakinunua galoni. Wengine wanaijaza oili iliyotumika na kuifunga upya. Itobolewe. Nanyi mnaponunua, tazameni kifuniko kama pete yake ya chini haijakatika. Na galoni ya oili isiwe ya maji ya kunywa hata ikioshwa mara kumi.

OILI CHAFU

Ile lita isiyotimia iliyotoka kwenye gari la Zuzu iligombaniwa na watu watatu. Mmoja alitaka kupaka nguzo za nyumba, mchwa wasile. Mwingine alitaka kuwapaka mbuzi wenye upele. Wa tatu hakusema anaitakia nini.

Tunajua mchwa wa huku walivyo. Lakini oili chafu ina vumbi la chuma na sumu za moshi. Mtu anayeishika mara kwa mara kwa mikono mitupu anaweza kupata saratani ya ngozi. Mbuzi anajilamba. Ikimwagwa karibu na kisima inaingia kwenye maji, na haitoki. Sintetiki ikishatumika ni chafu vile vile. Ihifadhi kwenye dumu lililofungwa, mbali na watoto, na likijaa lipelekwe kwa gereji inayokusanya. Mbuzi wapelekwe kwa mtaalamu wa mifugo. Mwenye mbuzi hakufurahi. Alisema dawa ni ghali. Hatukumbishia.

Gari la Zuzu sasa linatembea. Ndani ya droo ya mbele, juu ya kile kitabu cha Kijapani, kuna daftari la kurasa 40. Lina safu nne: tarehe, kilometa, kipimo cha kijiti, sahihi. Oili inanunuliwa na kikundi. Siku ya kubadili oili dereva analipwa kama siku ya kazi. Jambo hili la mwisho lilibishaniwa saa nzima, na mama mtunza hazina ndiye aliyelipitisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Galoni imeandikwa 10W-40, API CI-4. Je, ni ya petroli au ya dizeli? Ni nyepesi au nzito kuliko 5W-30 injini ikiwa na moto?

2. Gari linatembea kilometa 250 kwa wiki. Oili inabadilishwa kila kilometa 5,000. Ni baada ya wiki ngapi?

3. Nendeni kwenye duka la karibu mkaulize bei ya oili ya kawaida na ya sintetiki. Rudieni hesabu yetu kwa bei hizo. Mnapata tofauti gani?

4. Katika kijiji chenu, oili ya mashine ya kusaga inanunuliwa na nani, na inaandikwa wapi?